Uvimbe Usiomngoja Mgeni Rasmi

Nilikwenda Mikumi kueleza jinsi seli ya saratani inavyohama. Nilikuwa na picha thelathini na nane. Nilikuwa pia nimewashauri waandaaji, kwa upole wa kitaaluma, kwamba uchunguzi wa matiti uwekwe mwisho wa semina. Ukitangulia, akina mama watapimwa na kuondoka, na picha zangu zitabaki na viti.

Ushauri ulikubaliwa. Saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Daktari bingwa Tumwagile, aliyetoka Morogoro kwa siku hiyo moja, aliketishwa kando yangu meza kuu, mbele ya maua ya plastiki. Gari lake lilipaswa kuondoka saa kumi.

Mama mmoja akatukaribia. "Shikamooni. Mimi Devotha Jilala, wa Masanze. Nina uvimbe hapa tangu mavuno. Daktari aniangalie tu, nirudi."

"Marahaba," tulijibu, na Tumwagile akaanza kuinuka.

Mshereheshaji, Bwana Herman, akamwahi. "Daktari, tafadhali! Meza kuu haivunjwi kabla mgeni rasmi hajafungua."

"Vumilia, mama," nikaongeza. "Upo kwenye ratiba."

Mgeni rasmi alikuwa akitokea Kilosa mjini, na Herman alitutangazia safari yake. Saa tano yuko Masanze, anakagua kisima.

"Masanze?" Devotha akasema. "Si ningemngojea nyumbani!"

Saa saba yuko kata ya Ulaya, hapa hapa Kilosa, amepewa mbuzi. Alisogea taratibu, akinata katika kila kata.

Alifika saa nane na nusu. Itifaki ilizingatiwa kwa dakika arobaini, kisha akahutubia. Saa kumi kasorobo Herman akaninong'oneza, "Profesa, dakika tano."

Niliruka picha thelathini na sita.

"Seli za titi hukaa pamoja," nilisema, "kwa sababu kila moja ina protini kwenye uso wake, mithili ya mikono iliyoshika majirani. Saratani inaweza kuipunguza mikono hiyo. Seli ikawaachia wenzake. Kisha, kwa protini nyingine, ikashika njia na kujivuta hadi kwapani, mapafuni, mifupani. Ikikutwa kabla haijaondoka, daktari huitibu kwa urahisi zaidi."

Nilipigiwa makofi matatu ya pamoja. Mgeni rasmi aliguswa sana, akaagiza protini hizo zipatikane katika kila kata.

Likafuata neno la shukrani. Nje, dereva wa Tumwagile akapiga honi. Devotha akasimama.

"Keti, mama," Herman akanong'ona, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni. "Mheshimiwa hajainuka."

Devotha hakumtazama. "Profesa, hizo seli zako zikitaka kuhama, zinasomewa ratiba kwanza?"

"Hapana, mama."

"Zinamngoja mheshimiwa?"

"Hazimngoji mtu."

"Basi umenichelewesha kwa ajili ya nini?"

Alibandua kibandiko kilichoandikwa "Mshiriki", akakiweka mezani mbele ya mgeni rasmi, akasema, "Daktari, twende."

Tumwagile akainuka. Nami nikavuta kitambaa cha meza kuu, maua yakaanguka, nikakitundika kwenye mlango wa stoo kiwe pazia.

"Mheshimiwa," Herman akatangaza, jasho likimtoka, "sasa ni sehemu ya vitendo!"

Mheshimiwa akapiga makofi. Nyuma ya Devotha wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Dereva akazima injini.

Nilisimama nje ya pazia, nikimsikia Tumwagile. "Uvimbe unasogea chini ya vidole. Kwapani sihisi kitu. Hilo linatia moyo, lakini lazima tukate kipande kipimwe. Jumatatu, Morogoro. Barua hii hapa."

Devotha akatoka, barua ameikunja ndani ya kanga.

"Na zile picha nyingine, Profesa?"

"Zitangoja, mama."

"Enhe," akasema. "Zenyewe haziumwi."