Kilo za Kuazima

Simioni, mtoto wa Felistas, alikuwa mnene wa kupendeza, na unene wake ulikuwa mali ya kijiji kizima. Siku gari la afya likija kupima watoto, Simioni hakuwa na raha. Asubuhi alipimwa kwa jina lake mwenyewe. Halafu mama mwingine alimpokea nyuma ya ghala la ushirika, akambadilisha shati, akambeba mgongoni na kumrudisha kwenye foleni kwa jina jingine. Hadi jua la utosi mtoto huyo alikuwa amekuwa watoto wanne, na foleni ya jioni bado ilimngoja, na akiiona tu ile suruali ya turubai iliyoning'inia kwenye ndoano ya mizani alipiga mayowe kama anachinjwa. Wauguzi waliletwa kutoka Musoma, kila mwezi sura mpya, na wote walirudi wakisimulia kwamba watoto wa kule wanaogopa sana mizani.

Kezia, mke wa Machage, alikuwa mmoja wa waazimaji. Mwanawe Joram alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mbavu nje, nywele zimepauka, miguu haitaki kumbeba. Kadi yake ilisema kilo kumi na moja. Zote zilikuwa za Simioni.

Msimcheke Kezia. Kwao mtoto akikonda hakuna anayeuliza amekula nini. Wanasema mama amembemenda, maana yake amelala na mwanamume wakati mtoto bado ananyonya, na uchafu wa jambo hilo ndio unaomla mtoto. Akiwa ni mume wa ndoa, ni aibu ya nyumba, watu watasema kwa chini chini halafu watachoka. Lakini Machage alikuwa ameshinda kiangazi kizima Nyangoto akibahatisha dhahabu. Sasa mtoto wa mwanamke ambaye mume wake yuko mbali akikonda, watu wafikirie nini? Kezia alijua watafikiria nini. Alikuwa na mama mkwe, Bibi Bhoke, ambaye hakuhitaji kuchochewa.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko umbea. Wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya walibebwa na lori pamoja na mabati na kuku, wakamwagwa kwenye kijiji hiki kipya nje kidogo ya Mbalibali, nyumba zimepangwa mstari kama askari wa gwaride. Mashamba ya mtama yakabaki huko nyuma, ng'ombe wakabaki kwa baba mdogo. Serikali ikaleta maziwa ya unga kwa kila mtoto mdogo, mfuko mmoja kwa mwezi. Mfuko wa Joram ulikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha Bibi Bhoke, ukakorogwa kwa ajili ya wajukuu wote, kwa sababu kwa Bibi hakuna mtoto wa fulani na mtoto wa fulani. Joram alipata mafunda mawili, wakubwa zake wakalamba chungu. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Kama mtu yeyote wa mpango huo wa maziwa angejua, pengine angebadilisha kitu. Lakini angejuaje, na mizani ilikuwa ikimpima Simioni?

Mwaka wa majaribio ya mpango ulipokwisha, alikuja Bwana Nikodemo, mtu wa takwimu kutoka mkoani. Alikuwa kijana mpole, suruali yake imejaa vumbi la njia, na aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja kabla ya kufungua mdomo kwa lolote. Pamoja naye alikuja muuguzi Agustina, mizani, na lori tupu. Lori tupu hilo lilipaswa kuwashtua watu, lakini hakuna aliyeliangalia mara mbili. Waliangalia ubao wa shule ambao Bwana Nikodemo aliomba uegemezwe kwenye ukuta wa ghala.

"Ndugu zangu," alisema, "tuna vijiji vinne vya majaribio. Hapa kwenu kuna watoto sitini wenye kadi. Mtoto akiwa chini ya mstari mwekundu, ana njaa ya hatari. Nimepitia kadi zote. Walio chini ya mstari ni," akaandika duara kubwa kwa chaki, "hakuna."

Makofi yalilipuka. Mwenyekiti Wangwe aliruka juu, akapiga mguu chini, akaimba jina la kijiji. Kezia naye alipiga makofi. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe.

"Kwa hiyo maziwa yamefanya kazi yake," Bwana Nikodemo aliendelea akitabasamu. "Leo tunachukua yaliyobaki ghalani na kuyapeleka penye shida. Kuna kijiji kimoja ambako watoto wengi bado wamekonda. Hao tumeona mfuko wa kupeleka nyumbani hauwafai. Watajengewa jiko, watoto watapikiwa uji wa soya na kulishwa hapo hapo, kila siku. Na watapata zahanati, na muuguzi wa kukaa. Ndiyo kazi ya takwimu, ndugu zangu. Zinatuonyesha twende wapi."

Vijana walianza kubeba magunia. Kezia aliyatazama yakipita. Uji wa kulishwa hapo hapo, mbali na chungu cha Bibi Bhoke! Muuguzi wa kukaa! Vyote hivyo vingekuwa vya Joram, na yeye mwenyewe ndiye aliyevifukuza kwa mikono yake, mwezi baada ya mwezi, akimvisha mtoto wa mwenzake shati la mwanawe. Alikasirika mpaka macho yakaingia ukungu, na hasira yote ilikuwa juu yake.

Akaenda nyumbani. Joram alikuwa amelazwa nyuma ya pazia, mahali palepale alipofichwa kila siku ya mizani. Akamchukua bila hata kumfunika, akarudi naye katikati ya mkutano.

"Ndugu mtaalamu," alisema, "huyu ndiye Joram Machage."

Bwana Nikodemo aliitazama kadi, akamtazama mtoto. "Mama, Joram ana kilo kumi na moja. Huyu si yeye."

"Kumi na moja ni za Simioni. Nilimwazima. Mpime huyu."

Agustina alimpokea mtoto, akamvalisha ile suruali ya turubai, akamwachia. Joram hakulia. Mshale ulisogea kidogo ukasimama.

"Sita na nusu," Agustina alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

"Nilijua!" Bibi Bhoke alisema kwa nguvu, watu wote wasikie. "Mwanangu alipokuwa akifukua mashimo Nyangoto, huyu hapa alikuwa akimbemenda mjukuu wangu!"

Machage, aliyerudi juzi tu kutoka machimboni, alikuwa amesimama na wanaume wenzake. Aligeuka akaondoka, na Kezia akaona mgongo wake ukipotea kati ya nyumba, akajua hilo nalo limeshaingia nyumbani na halitatoka.

Bwana Nikodemo alikuwa akifuta duara lake ubaoni. Akaandika moja. Alisimama akiiangalia ile moja kwa muda, kisha akageukia kina mama.

"Kanuni ni hii," alisema taratibu. "Kijiji kikiwa na mtoto mmoja katika kila kumi chini ya mstari, kinabaki kwenye mpango, na tunatafuta njia bora. Kwa sitini ni watoto sita. Ninaye mmoja. Wako wengine?"

Kina mama walivuta kanga zao mabegani.

"Nahitaji watano tu, akina mama. Sitauliza kadi ziliandikwaje. Waleteni niwapime, magunia yarudi ghalani sasa hivi."

Kezia alijua nyumba nane, na kila moja alikuwa amekutana nayo nyuma ya ghala. Aliwatazama wanawake hao, na kila aliyemtazama alikuta kitu cha kuangalia miguuni mwake. Angeweza kutaja majina. Lakini waume walikuwa pale, wameshika fimbo zao, na wameshasikia Bibi Bhoke alivyosema. Akamgeukia Felistas, ambaye mtoto wake ni mzima na hana cha kuogopa.

"Felistas, dada yangu, wewe sema. Simioni amepimwa mara ngapi?"

Felistas alimpandisha Simioni vizuri kiunoni. "Mimi namjua Simioni wangu tu," alisema. "Mambo ya watu sijui."

"Ndugu," Mwenyekiti Wangwe aliingilia, jasho linamtoka, "kijiji chetu hakina watoto wa namna hiyo. Huyu ni mmoja, ana matatizo ya kwao nyumbani. Mmoja si kijiji."

Bwana Nikodemo alingoja. Alingoja mpaka dereva akapiga honi. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa unahitaji sita. Mwishoni alishusha mfuko mmoja kutoka kwenye lori, akamkabidhi Kezia. "Wa Joram peke yake," alisema. "Kikombe asubuhi, kikombe jioni, utamfikisha mwezi. Na mpeleke hospitali." Hospitali ilikuwa kutwa nzima kwa miguu na mto umejaa, lakini Kezia alisema asante.

Lori likaondoka.

Ng'ombe wachache wa kijiji walikuwa wanarudi Kezia alipowasha moto nje na kukoroga kikombe cha kwanza. Ndipo walipoanza kuja. Wa kwanza alikuwa mama wa nyumba ya tatu, amejifunika hadi kichwani, ana kitu kifuani na kikombe mkononi. Nyuma yake mwingine. Halafu mwingine. Walikaa uani bila kukaribishwa, wakafunua kanga zao, na watoto wakatokea: shingo nyembamba, macho makubwa, matumbo yamevimba. Wengine Kezia hakuwahi kuwaona tangu wazaliwe.

"Tugawane, mama Joram," yule wa kwanza alisema. "Sisi sote ni wajamaa."

Kezia alicheka, cheko baya, na hakulitegemea. Halafu akanyoosha kidole.

Kwao mtoto hahesabiwi. Ng'ombe hesabu, magunia hesabu, lakini mtoto wa mtu humnyooshei kidole ukamtaja kwa namba, maana ni kumwita kaburini.

"Mmoja," alisema Kezia. "Wawili. Watatu."

"We mwanamke! Utatuulia watoto!"

"Wanne. Watano." Alisimama hapo, akawatazama mama zao usoni. "Watano hawa hapa. Aliomba watano." Kisha akaendelea, kina mama wakiwaficha watoto machoni pake na kuwafunua tena kwa sababu ya harufu ya maziwa. "Sita. Saba. Wanane. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja."

Hakuna aliyeondoka.

Vikombe vyao alivikataa. Alikoroga sufuria nzima, akamshika kila mtoto mwenyewe, akamnywesha mpaka akatosheka, huku akiwatukana mama zao mmoja baada ya mwingine, matusi ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo. Walikaa wakayapokea. Sufuria ikaisha, akakoroga nyingine, na nyingine tena. Bibi Bhoke alitoka akasimama mlangoni, akatazama, akarudi ndani.

Alipomfikia Joram, aliukung'uta mfuko, akaupasua, akausuuza kwa maji ya moto. Yalitoka meupe kidogo. Akampa hayo.