Utando Juu ya Maji

Mgeni mwenye koti jeupe aliingia bila hodi, akachovya kidole katika pipa ambalo Povu, mwosha manyoya ya kondoo, alikuwa amelinamia. Akakinusa kidole kama mpishi anayekagua mchuzi.

"Utando huu mnaupeleka wapi?"

"Mtaroni, bwana," alijibu Povu. "Mwingine napeleka nyumbani. Mama yangu hajainuka kitandani mwaka wa pili huu. Bila haya mafuta mgongo wake unachanika."

Mgeni akamgeukia msimamizi. "Hizi ni asidi za mafuta na nta. Ndizo zinazomkinga kondoo na mvua. Watengeneza marhamu wanazigombania, nyinyi mnawamwagia vyura!"

Msimamizi alicheka, kisha akaacha ghafla. "Mmesikia? Kuanzia leo halitoki hata tone. Na mikono mtaiosha kwa magadi mlangoni."

"Kaka, kikopo kimoja tu. Nimemwahidi."

"Mwambie mamako ageuke kondoo, atajitengenezea mwenyewe."

Wenzake walicheka, kila mmoja akikichelea kibarua chake.

Asubuhi ile Povu alikuwa amesema, "Jioni nitakupaka, mama," na mama akajibu, "Basi nitavumilia mpaka hapo." Kwa hiyo mchana, wengine walipokwenda kula, alichota utando kwa viganja viwili, akaushindilia ndani ya msuko wake mpaka kwenye mashina ya nywele.

Jioni alijisugua kwa magadi hadi vidole vikapasuka. Akaruhusiwa kupita.

Uani mvua ilikuwa inanyesha. Wenzake walilowa chapachapa. Kichwani kwake matone yalisimama kama shanga, yakateleza, yakaanguka.

"Tazameni!" alisema mgeni kwa furaha ya mwalimu. "Kama mgongo wa bata!"

Msimamizi hakuhitaji somo la pili. Alimkaba Povu shingo, akamnyoa kwa mkasi wa kondoo, ngozi ikichubuka hapa na pale. Nywele zikadondoka topeni.

"Zenye tope hazifai tena," mgeni alisema.

"Basi okota takataka zako," msimamizi alimwambia Povu. "Na kesho nisikuone."

Povu alipiga magoti, akaokota hadi unywele wa mwisho.

Nyumbani alizichemsha, akaipua sufuria, akangoja. Miaka kumi na mmoja ya mapipa ilikuwa imemfunza kungoja: maji yakipoa, tope hutua, mafuta hupanda. Akayaengua kwa kijiko. Yalitosha nusu ya mgongo.

"Nilidhani umenisahau," alisema mama yake, uso ukutani.

"Nikusahau vipi, mama? Ni mvua tu."

Alianza penye kidonda kikubwa.

"Mbona leo mikono yako inakwaruza, mwanangu?"

Povu akageuza mkono, akapaka kwa mgongo wa kidole. Mama akanyoosha mkono nyuma, kama alivyozoea, kuutafuta msuko wa binti yake. Mkono ukapapasa hewa, ukangoja.