Usiseme Mpaka Uulizwe

Siku tatu kabla ya usaili, Dada alinipiga marufuku kumjua.

"Ukiniona pale hospitali, hunijui," aliniambia, huku akipiga pasi blauzi nyeupe ambayo tayari ilikuwa imenyooka kuliko ukuta. "Hujawahi kuniona. Mimi na wewe hatujakutana popote."

"Hata kwa mama yetu?"

"Hata huko. Wakijua mdogo wangu anadeki wodi humohumo, watasema nimebebwa."

Nilitaka kumuuliza ni nani aliyewahi kubebwa na mtu mwenye ndoo. Lakini Dada alikuwa na haki ya kuogopa. Huu ulikuwa usaili wake wa saba tangu amalize chuo cha uuguzi. Kwenye mmoja walimwambia hana uzoefu wa miaka mitatu. Akawauliza uzoefu huo ataupata wapi ikiwa kila mlango unataka aingie nao, wakamshukuru kwa kufika. Kwenye mwingine alikuta nafasi imeshajazwa, ila usaili unaendelea ili ratiba isiharibike. Safari hii nafasi zilikuwa mbili, waombaji walipita mia nne, na walioitwa walikuwa thelathini na wanane. Mama alishamwambia waziwazi: ikishindikana hii, aende akamsaidie shangazi dukani, na vitabu vyake avifunge kwenye sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa limeshatolewa uvunguni na kupanguswa vumbi. Lilikaa mlangoni likitutazama.

Kwa wiki nzima jopo la usaili lilikuwa mimi. Nilivaa miwani ya Mama, nikakaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, nikamsomea maswali kutoka kwenye daftari lake. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo maneno mengine niliyasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Dada aliyajibu kabla sijafika ng'ambo.

"Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi!"

"Na mgonjwa mwenyewe anaongea saa ngapi?"

"Mgonjwa haongei. Soma swali linalofuata."

"Je, akikataa dawa?"

"Kwenye daftari hakatai. Wewe soma tu, usiongeze la kwako."

Basi siku ikafika. Nilikuwa nadeki korido ya chumba cha mafunzo, wasailiwa wamejaa kwenye mabenchi, wamepakata bahasha zao za kaki kama watu walioachiwa watoto wachanga wa wenzao. Dada alikuwa benchi la mwisho. Nilipomfikia nikasema, "Samahani, dada, inua miguu," kwa sauti ya mtu asiyemjua kabisa. Akainua. Shavu lake likacheza kidogo.

"Wewe wa deki! Hebu njoo."

Alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake havitoi sauti. Hutokea nyuma yako ghafla kama kikohozi. Nikamfuata ndani.

Mle chumbani kulikuwa na kitanda kimoja, meza ya jopo, na msiba. Bi Kimya alikuwa amevunjika. Bi Kimya ni sanamu la plastiki la kufundishia wauguzi, ambalo limelala kitandani hapo miaka na miaka bila kulalamika. Asubuhi wakati wa kulihamisha, shingo ilikatika na kichwa kikabingirika hadi chini ya kabati. Mimi sikuhusika, nilikuwa nimeshika miguu.

"Utalala hapa badala yake," Metroni alisema. "Wewe ni mtulivu. Nimekuona."

Nikavalishwa gauni la wagonjwa na utepe wa mkononi ulioandikwa Bi Kimya, maana hakukuwa na muda wa kuandika mwingine. Kisha Metroni akainama, akasukuma kipakiti cha vidonge chini ya mto wangu.

"Sikiliza vizuri. Una maumivu ya mgongo. Hivi vidonge umeletewa na ndugu kutoka nyumbani, na asubuhi umeshameza viwili. Muuguzi atakuja na kidonge cha hospitali, ambacho ni dawa hiyohiyo. Akikupa juu ya hivyo, amekuzidishia dawa. Akikuuliza kama umekunywa kitu, mwambie ukweli. Asipouliza, fungua mdomo, meza, nyamaza. Usiseme mpaka uulizwe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Metroni."

Kidonge cha hospitali, kwa ajili ya mtihani, kilikuwa pipi nyeupe ya mnanaa.

Aliyekaa mezani na Metroni alikuwa afisa utumishi, ambaye sisi wa usafi tunamwita Bwana Faili, kwa sababu hata akienda kunywa chai hubeba faili kwapani. Kila msailiwa alianza naye, na Bwana Faili alimuuliza kila mmoja swali lilelile: "Kwa nini tukuajiri wewe, tusimwajiri yule aliyekaa nje?" Wakatetemeka kila mtu kwa mtindo wake. Mmoja alijibu kwamba yule wa nje hamjui, akatoka kwenda kumtazama.

Halafu walikuja kwangu. Jamani, kumbe kulala ni kazi! Wa kwanza alinawa mikono hadi nikadhani anataka kuibadilisha. Wa pili aliliongelesha faili langu kwa upole mkubwa, akaliuliza linaendeleaje, mimi hakunitupia jicho. Wa nne aliniuliza naumwa wapi, akaandika jibu kabla sijajibu. Wa tisa, kaka mmoja mrefu, aliponisogelea nilitoa mguno niliokuwa nimeufanyia mazoezi, akaruka nyuma akagonga kabati.

"Punguza kidogo," Bwana Faili alisema.

"Ni mgongo, bwana."

Karibu wote waliniambia, "Fungua mdomo." Nikafungua. Kila pipi niliyomeza ilikuwa ajira ya mtu inapotea, na mimi ndiye niliyeitafuna. Kufikia wa kumi na nane, waliouliza kama nimekunywa kitu walikuwa watatu tu. Pipi zilikuwa kumi na tano. Ulimi wangu ulikuwa baridi kama sakafu ya jikoni.

Wa kumi na tisa alikuwa Dada.

Swali la Bwana Faili alilijibu vizuri, nilimsikia. Kisha akageukia kitandani, akaniona, akasimama kama aliyekanyaga maji ya sabuni. Nikamtazama kama nilivyoagizwa, yaani sikumjua. Akajikusanya. Akanawa mikono, akasalimia, akasoma utepe wangu.

"Bi Kimya," alisema, akausoma utepe mara ya pili, maana nyumbani jina hilo lisingenifaa hata kwa dakika moja.

Akaanza daftari lake. Mgonjwa sahihi. Dawa sahihi. Kipimo sahihi. Alikuwa anasema haya juu ya kichwa changu, macho yake kwenye ukuta, sawasawa na siku zote za miwani ya Mama. Nikajua hataniuliza. Chini ya mto kile kipakiti kilikuwa kinanichoma sikio. Kukonyeza ningeweza, lakini Metroni hakupepesa macho. Na nilikuwa nimeahidi watu wawili: mmoja kunyamaza, mwingine kutomjua.

"Fungua mdomo," Dada alisema, akaleta kikombe.

Mdomo ukagoma. Sikupanga. Pipi kumi na tano si mchezo. Ulijifunga wenyewe, midomo ikaingia ndani kama ya kobe. Hadi leo sijui kama ulikuwa mdomo au mimi.

Dada akanitazama. Safari hii alinitazama kweli. Akaweka kikombe chini, mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya nyumbani kabisa, "Hebu inua kichwa."

Nikainua. Akapeleka mkono chini ya mto bila kutafuta, akatoa kipakiti.

Bwana Faili alipiga meza kwa furaha. "Hii ndiyo silika ya uuguzi! Watu kumi na nane wamepita, hakuna aliyeinua mto! Umejuaje, dada?"

Nikaliona jibu la daftari likimpanda Dada kooni.

"Muuguzi anapaswa kuchunguza mazingira ya..." akaanza. Bwana Faili alikuwa tayari anaandika, kalamu inacheka. Dada angemalizia tu hiyo sentensi, lile sanduku la mlangoni lingerudi uvunguni. Akanitazama tena.

"Hapana," alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Tangu utotoni akiumwa, Mama alinipa mimi kazi ya kumnywesha dawa. Akifunga mdomo hivyo, ujue kaficha kitu chini ya mto. Sikuchunguza chochote. Namjua tu."

Kalamu ya Bwana Faili ikasimama. Metroni akanigeukia mimi kwanza.

"Na wewe! Mbona hukusema kuwa dada yako yumo?"

"Sikuulizwa, Metroni. Uliniambia nisiseme mpaka niulizwe."

Metroni akaweka sawa kilemba ambacho hakikuwa kimepinda.

"Kwa kawaida," alimwambia Dada, "ningekuambia uchukue bahasha yako. Lakini kosa la mgonjwa ni langu, nimemchagua mwenyewe. Utarudia na mgonjwa mwingine."

"Mgonjwa mwingine yuko wapi?" Bwana Faili aliuliza.

Metroni alimtazama tu.

"Mimi? Mimi ni msaili!"

"Vua viatu."

Akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia kuona kuna nini. Akapanda kitandani na faili lake kifuani. Mimi nikakaa pembeni karibu na kichwa cha Bi Kimya, tukawa watazamaji wawili.

"Nisemeje?" alimnong'oneza Metroni.

"Sema kichwa kinauma. Mengine jibu kama yalivyo."

Dada akanawa mikono. Nikamwona anasimama kidogo, anafikiri. Halafu akafanya jambo ambalo halimo kwenye daftari: akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa.

"Habari za asubuhi, baba. Pole. Unasikiaje?"

"Kichwa kinauma," alisema Bwana Faili kwa sauti ya maigizo.

"Kimeanza lini?"

"Leo... aa, tuseme juzi." Sauti ya maigizo ikapungua.

"Kinauma upande gani?"

"Huku nyuma. Asubuhi hasa." Mkono wake ukaenda kisogoni wenyewe.

"Nyumbani kuna dawa yoyote unayotumia?"

Bwana Faili akamtazama Metroni. "Hilo nalo limo kwenye mtihani?"

"Wewe jibu."

"Za presha."

"Umemeza lini mara ya mwisho, baba?"

Alilivuta faili hadi kidevuni kama shuka. "Leo siku ya tatu sijameza. Zinanipeleka chooni kila baada ya nusu saa, nami nina wasailiwa thelathini na wanane! Nitamwacha nani katikati ya jibu?"

Dada hakucheka. Mimi nilicheka ndani ya kiganja. Dada akachukua kipima presha, akamfunga mkono, akangoja, akasoma. Akakifungua, akapima tena. Kisha akampa Metroni asome mwenyewe: mia na themanini kwa mia na kumi.

"Huyu asiinuke," Dada alisema. Hakumwomba mtu ruhusa. "Naomba kiti cha magurudumu na daktari."

Kwa hiyo Bwana Faili alitolewa kupitia korido, kwenye kiti cha magurudumu, soksi hewani, mbele ya wasailiwa kumi na tisa waliobaki. Nilikuwa nasukuma mimi, bado nimevaa gauni la wagonjwa. Benchi zima lilisimama.

"Mama yangu!" alisema mmoja. "Kama msaili anatoka hivi, sisi tutatokaje?"

Wawili walichukua bahasha zao wakaenda nyumbani.

Usaili uliendelea mchana kwa mgonjwa mwingine, mhudumu wa stoo, na siri mpya chini ya godoro. Mimi nilirudi kwenye ndoo yangu. Siku nne baadaye karatasi ilibandikwa ubaoni. Sikuthubutu kuisoma Dada hajafika, kwa hiyo nilipangusa kioo cha ubao ule mara sita, macho nimeyafumba. Alipokuja alisoma kwa kidole, kutoka juu. Hakukuwa na safari ndefu. Yalikuwa majina mawili, na la pili lilikuwa lake.

Hakupiga kelele. Alishika tu mkono wangu wenye glovu ya sabuni, mbele ya watu wote, akasahau kwamba hatujuani.

Wapo waliosema amebebwa. Metroni, aliyepita hapo bila sauti, aliwajibu kuwa kweli kuna mtu alibebwa siku ile, nao walimwona.

Sanduku siku hizi linahifadhi mablanketi. Bwana Faili amepona, lakini akitaka kwenda ofisini huzunguka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu akipita wodini Dada humwita toka mbali, "Baba! Umemeza?" Naye hutoa kipakiti mfukoni na kumwonyesha, kama mwanafunzi anayeonyesha kucha.

Na nyumbani mambo yamekuwa magumu. Zamani Dada alikuwa haniulizi kitu. Sasa nikikataa chakula hata kijiko kimoja, anavuta kiti, anakaa, anaanza: umelala vipi, kinauma wapi, tangu lini. Namjibu kila kitu. Ila kabla ya kulala hunigeuzia mto, na hapo hukuta nilichomwekea: pipi moja nyeupe ya mnanaa.