Amejuaje ni Mimi?

Ting! Kompyuta ya kona ililia, ikalia tena, kabla mtu hajainua kichwa.

"Jamani, hako kakengele kazimwe," alisema fundi wa programu. "Kananitoboa masikio."

"Kakizimwa, watoto watasikiwa na nani?" alijibu Breki. Ndilo jina walilombandika dada huyu pale ofisini, maana kila walipotaka kukimbia yeye alisema ngojeni, kuna sheria ya kulinda watoto. Duka lao la mtandaoni liliuza michezo ya kompyuta, na wateja, wakubwa kwa wadogo, waliandikiana humo humo.

Breki akaisoma taarifa iliyoingia. *Yule mtu niliyemripoti jana ameniandikia. Anauliza kwa nini nimemshtaki. Amejuaje ni mimi?* Aliyeandika alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Fundi, amejuaje?"

Fundi akajikuna shingo. "Nilitumia mtambo uleule wa malalamiko ya bidhaa. Mteja akilalamika, anayelalamikiwa anapewa jina lake, wapatane."

"Wapatane! Mtoto apatane na mtu anayemwambia asimwambie mama yake?"

"Si ungesema mapema, dada."

"Nimesema mpaka mate yamenikauka!"

Akaingia kwa mwenye duka bila kubisha hodi. Alikuwa mjomba wake, ndiye aliyemlea.

"Zima mazungumzo ya wateja, mjomba. Sasa hivi. Jina la mtoto aliyeripoti limefika kwa mtu aliyemripoti."

"Mpwa wangu, shule zimefungwa leo, na likizo ndiyo msimu wetu wa mauzo. Nikizima leo nimejichinja mwenyewe. Tuongee Jumatatu."

"Sheria inasema ukiijua hatari, uiondoe. Na sasa umeijua."

"Si wewe uliyenijulisha? Nilikuajiri unifunike, siyo unianike!"

Fundi akachungulia, simu mkononi. "Mama wa yule mtoto."

Mjomba akapunga mkono: sipo. Breki akaipokea.

"Kwenye kitufe chenu cha kuripoti mmeandika taarifa ni siri," sauti ya mama ilitetemeka. "Mwanangu aliwaambia nyinyi kabla ya kuniambia mimi. Sasa amejifungia chumbani, hataki hata kufungua pazia."

Maneno yale ya kitufe Breki aliyaandika kwa mkono wake. Mjomba alikuwa akikazana kupanga kalamu mezani.

"Mama, nakuahidi," alisema kwa sauti, macho hayabanduki usoni mwa mjomba, "mazungumzo yanafungwa sasa hivi, na nitakupigia mwenyewe kukuthibitishia. Yasipofungwa, nitakupigia nikiwa ofisini kwa wasimamizi wa sheria, na nitakayemshtaki ni damu yangu."