Mashine ya Kupakatwa

Sarbani aliingia kwenye duka la kompyuta pale sokoni Chandni akiwa amefura kwa hasira, na muuzaji akadhani ni joto la Kolkata. Joto lilikuwa limemkosea nini? Aliyemkosea alikuwa nyuma yake anafuta jasho: baba mkwe wake, mzee Nripen, fundi mstaafu wa karakana ya reli, aliyeiua kompyuta yake kwa ibada.

Ilikuwa sikukuu ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, siku ambayo hata bisibisi hupumzishwa na kuvishwa maua. Sarbani alikuwa jikoni anakoroga wali na dengu. Mzee akaingia chumbani kwake bila kubisha hodi, akaipaka kompyuta unga wa msandali uliolowekwa, akaivisha shada la maua, kisha akaimwagia maji matakatifu ya mto Ganga kwenye matundu ya sanduku lake, nayo ikiwa imewashwa. Nakshi zote za sari alizowachorea wafumaji wa mji wa Shantipur zikateketea humo. Hakuna aliyemwomba radhi. Tapan, mumewe, alisema tu kwamba Baba alikuwa na nia njema, na Sarbani akatamani kumrushia sufuria.

Sasa walikuja wote watatu kununua nyingine. Sarbani alitaka ya kubeba. Wafumaji walishamwambia wanataka mchoraji wa kukaa nao kando ya kitanda cha mfumi, mtambo wao wa kufumia, arekebishe nakshi uzi ukiwa bado juu yake. Asipoweza, watamtafuta mwingine. Maneno hayo aliyasema nyumbani mpaka koo likakauka.

Muuzaji akamuuliza mzee kompyuta ni ya kazi gani. Mzee akajibu kwa kirefu, kana kwamba mchoraji ni yeye. Akachagua sanduku kubwa la kukaa mezani, akaligonga ubavuni, akasema chombo cha kazi hakizururi. Tapan akaitikia. Sarbani akawapita wote wawili, akaweka kidole juu ya kompyuta mpakato.

Mzee akacheka.

"Mpakato? Kwangu kinachopakatwa ni mtoto. Mkwe atuletee mtoto kwanza."

Alisema hivyo mbele ya wateja. Naye alijua fika kwamba mimba ya mwisho ya mkwe wake ilitoka majira ya joto yaliyopita. Muuzaji akainamisha kichwa. Tapan akaanza kuchunguza pangaboi la darini, maana huyo ndiye mume aliyepewa. Hasira ya Sarbani ikayawahi machozi.

"Baba," alisema taratibu, "kule karakana, kerezo lako la kukerezea vyuma alikuwa analivisha maua nani siku ya Bishwakarma?"

"Mimi. Nani tena?"

"Na kama angelivisha mwenzako?"

"Ningemvunja mkono." Mzee alivimba kifua. "Mashine ina mtu wake. Hagusi mwingine, hata kwa..."

Duka zima lilisikia alipokatiza.

"Hata kwa ibada," Sarbani akamalizia. "Na ile nayo ilikuwa na mtu wake, Baba. Mtu mwenyewe alikuwa jikoni, anakupikia."

Akamgeukia muuzaji, akamwambia amfungie mpakato. Tapan akamnong'oneza kwamba wangezungumza kwanza nyumbani.

"Nyumbani nilizungumza," alisema. "Ninyi ndio hamkuwepo."

Kwenye treni ya kurudi nyumbani mzee alinyoosha mkono amsaidie kubeba begi la mpakato. Sarbani hakumpa. Vituo kadhaa vikapita, mzee anatazama mikono yake, ile mikono ya fundi yenye makovu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameitumia tangu amuoze mwanawe, kama mwakani hii nayo itavishwa maua.

"Itavishwa," Sarbani akasema. "Nitaivisha mwenyewe."

Hasira ilikuwa haijamtoka, wala hakutaka imtoke. Akalivuta begi mapajani, akalipakata mbele ya macho ya mzee mpaka waliposhuka.