Sindano za Dada

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu akaniomba nikamwangalie mama yake. Alikuwa na wasiwasi kwamba macho ya mama yamekwisha, lakini kila akimuuliza anajibiwa kuwa mama anaona mpaka sisimizi. "Mama mdogo, ukikuta haoni, njoo naye. Ushonaji basi, atakaa kwangu." Nikakubali.

Mji anakoishi dada nilikulia humo, na chumba anachofanyia dada kazi ndicho tulichojifunzia ushonaji sote wawili. Kwa hiyo niliposhuka kituoni nilijiapiza siulizi njia. Mtu haulizi njia ya kwao. Nilizunguka mpaka viatu vikanibana. Duka la mikate nililoliweka kichwani kama alama limekuwa benki, na barabara niliyoikumbuka pana kama uwanja, kumbe watu wawili wenye vikapu hawapishani. Mwishowe nikameza aibu nikamuuliza muuza maji. Alinielekeza vizuri sana, kisha akasema naye ni mgeni, amehamia mwezi uliopita. "Pole, mama," akanifariji, "utapazoea tu."

Dada alinipokea mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema nimekonda. Nimenenepa, tena sana, nikadhani ananichokoza.

Ndani, mashine iko palepale pembeni, na juu ya meza kuna kijimto cha kuchomekea sindano. Kila sindano ilikuwa na uzi unaoning'inia, nyeupe, nyeusi, buluu, kama ndevu. Nilishtuka. Mwalimu wetu wa ushonaji alitufinya masikio kwa kosa hilo hilo: sindano haiachwi na uzi, uzi utajifunga. Basi dada alipotoka kupeleka gauni nyumba ya pili, nikaona nimsaidie. Nikachomoa nyuzi zote, nikazikunja vizuri, nikazitia kwenye kopo.

Alirudi na mteja mwenye haraka, sketi yake imebaki pindo tu. Dada akaketi, mkono ukaenda kwenye kijimto. Ukagusa sindano ya kwanza, ya pili, ukazipapasa zote, ukasimama. Akachukua uzi, akalamba ncha, akaanza kutafuta tundu. Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia. Mteja akaangalia dari.

Nikamnyang'anya nijaribu mimi, na miwani nimeiacha nyumbani. Tukawa vikongwe wawili tunaichungulia sindano kana kwamba imetutukana.

Fundi simu wa chumba cha jirani akaingia, kioo chake cha kukuzia bado kimebanwa jichoni. Akatazama kijimto, akanitazama mimi. "Bibi, nyuzi zangu umezipeleka wapi?"

Siri ikatoka hivyo. Kumbe kila asubuhi, kabla hajafungua kwake, fundi hutia uzi kwenye sindano zote: nyeupe upande wa mlango, nyeusi upande wa dirisha, rangi nyingine katikati. Dada naye humshonea mifuko ya suruali inayotobolewa na bisibisi. Na pasi, asije akaunguza nguo? Wateja wanajipigia wenyewe, wakilalamika kidogo.

Fundi akazirudisha nyuzi, na dada akashona pindo kwa vidole, uso kaelekeza mlangoni. Alipomaliza nililikagua. Nilitafuta kosa, Mungu anisamehe, maana lingenirahisishia safari. Sikuliona.

Mteja alipoondoka, dada akasema, "Amekutuma, siyo?"

"Amenituma."

Akairudisha sindano kwenye kijimto. "Kitendawili."

"Tega."

"Madirisha yangu mawili yako wazi mchana kutwa, na ndani ni giza."

Jibu nililijua kabla hajamaliza. Tangu utotoni hajawahi kunishinda kwa kitendawili hata kimoja, naye anajua. Lakini nilimwona mikono yake imetulia juu ya mapaja, inasubiri.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji."

Mtu akishindwa kitendawili hutoa mji, mwenzake akautawale. Nikampa huo huo tuliokuwa tumeketi ndani yake.

"Nimekwenda," akasema dada. "Nimefika, nimekaribishwa, na siondoki. Haya, jibu ni macho."

Nikajifanya nimeshangaa.

Jioni nilimpigia mwanawe. Sikumdanganya, nilimwambia mama yako haoni, na fundi simu wa jirani ndiye anayemtilia uzi kila asubuhi. Akasema basi kesho tupande basi. Nikamwambia hapandi mtu. Akanung'unika kwamba amenituma mimi na mimi nimegeuka, nikamwacha anung'unike mpaka alipochoka. Kisha nikamwambia aje mwenyewe akae siku mbili, atazame mama yake anavyofanya kazi, na akitaka kubishana abishane na yeye.

Halafu akauliza huyo fundi ni mtu wa namna gani. Nikamwita fundi aje ajieleze mwenyewe, nikampa simu, nikaenda kuchemsha maji.