Migebuka ya Uzinduzi

Kila kiangazi kijiji chetu kilishuka mtoni Malagarasi kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Wanaume walikata mafunjo, wanawake tukayavuta hadi nchi kavu, na mfereji wa kuingilia mitumbwi ukabaki wazi. Huo ndio uliokuwa mwalo wetu, mahali pa kushushia samaki. Mtumbwi wetu, mimi na mume wangu Gasper, ulilala hapo.

Kisha ukaja mradi. Msimamizi wake, Bwana Saady, alituita akasema tunajengewa mwalo wa kisasa, kwa hiyo tusiguse kitu. Atakayeonekana na panga kwenye eneo la mradi atakwenda kujieleza polisi. Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Viangazi viwili tukakaa nyumbani. Wakajenga banda, meza za vigae, choo na geti la chuma. Majini hakuna aliyetia hata mguu. Mafunjo yakaziba mfereji na kuufungia mtumbwi wetu ndani. Nilipolalamika, Saady alisema mafunjo hayamo kwenye mkataba. Gasper naye, kwa kuwa hakuwa na pa kuvulia, akapewa sare ya ulinzi na kuwekwa getini. Niliiona ile sare nikasikia uchungu, lakini watoto walikuwa wanakula.

Uzinduzi ulipokaribia, Saady alinijia na upole nisiouzoea. Meza haziwezi kuwa tupu mbele ya mgeni rasmi, alisema. Niende Kasulu nikalete samaki. Nikampa sharti langu: sherehe ikiisha, aturuhusu tufungue mfereji. Akaapa kwa jina la mama yake.

Sokoni Kasulu nilikuta migebuka tu, samaki wa Ziwa Tanganyika ambaye mto wetu haumjui. Nikawapakia kwenye bodaboda, nikawapanga juu ya vigae.

Mgeni rasmi alisimama mbele yangu akitabasamu.

"Mama, hawa mmewavua leo?"

Niliuwaza mtumbwi wangu.

"Leo alfajiri, mheshimiwa."

Akawageukia watu, akasema matunda ya mradi yanaonekana kwa macho. Makofi yakapigwa, utepe ukakatwa, magari yakaondoka na vumbi lake.

Kesho yake nilishuka na panga. Gasper alikuwa getini, kofia kichwani, akasogea kunizuia njia.

"Saady ametuahidi," nikamwambia.

"Mimi hajaniachia agizo hilo. Simu yake haipatikani tangu jana. Rudi nyumbani, mama Dorcas. Ukikata hata funjo moja, kazi sina."

Nyuma yake nililiona omo la mtumbwi wetu, ncha yake ya mbele, likichungulia kati ya mafunjo. Yeye hakugeuka kulitazama. Nikamuuliza sasa hapo analinda nini.

Alivuta geti, akatia kufuli.